Mitego ya Sauda

15 Januari 2001

Haya, naandika. Sauda amesema niandike kama ninavyosema, nisijipambe wala nisimwogope mtu. Anayataka maneno yangu ailishe mashine yake. Nimemwambia itaharisha. Hakucheka.

Mimi ni Mwanaheri binti Likwata, Mmwera, mkaa Mtanda hapa Lindi. Shule sikuikanyaga. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, kwa hiyo mwandiko wangu unakwenda kama kaa. Atakayeucheka na aucheke, mimi nitamcheka sura.

Sauda ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Amekulia Dar es Salaam kwa baba yake, kasoma hadi chuo kikuu, kaolewa na Jafari, kijana asiye na neno. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, walimzika mtoto wao wa kwanza. Hakufikisha arobaini. Alikuwa wa kike, wakampa jina langu. Somo yangu yule, na sikumwona.

Sauda kaja kwangu na begi la nguo na mashine inayokunjwa kama msahafu. Tangu ateremke kwenye basi sijaona chozi lake. Na usiku halali. Naamka alfajiri namkuta kakaa vilevile nilivyomwacha, macho mekundu, vidole vinagonga. Sauda, najua utayasoma haya maana wewe ndiye unayeyachapa. Soma basi: masika haya sina haja nyingine. Nataka ulie, kisha ulale.

17 Januari

Mvua. Mhogo na dagaa. Kala matonge mawili akasema ameshiba. Nikamwambia, "Kula, mjinga wewe. Uliniibia mume, sasa unataka kuniibia na sifa ya upishi?" Babu yake alikuwa akimwita "mke wangu", basi sisi ni wake wenza hadi leo, ingawa mume yuko kaburini. Akaongeza tonge la tatu.

20 Januari

Leo nimemuuliza, hii kazi yako ni kazi gani?

Kumbe ni ya magazeti. Zamani magazeti yalikuwa mawili matatu, ya serikali na chama. Siku hizi ruhusa imetoka, kila mwenye fedha ana duka, ana basi na ana gazeti. Wasahihishaji hawatoshi. Tajiri mmoja wa huko Dar anataka mashine isahihishe badala ya watu, na Sauda ndiye anayeifundisha. Kabla masika hayajaisha awe amemaliza.

"Mashine haijui Kiswahili, Bibi. Haijui kitu. Inajua kutazama tu. Naiambia: ukikuta neno 'kila', tazama linalofuata. Likianza na 'wa', kama 'watu' au 'watoto', simama, piga mstari mwekundu. Maana hatusemi 'kila watu'."

"Nani asemaye 'kila watu'?"

"Waandishi wa habari."

"Na mshahara wanapokea?"

"Wanapokea, Bibi."

Nchi hii nimeiachia wenyewe.

Lakini kazi nimeielewa. Ni mitego. Marehemu mume wangu alikuwa akitega nguruwe shambani: unafunga kamba, kamba ikiguswa mtego unafyatuka. Mtego hauulizi kama aliyepita ni nguruwe au mbuzi wa jirani.

24 Januari

Mashine imesoma karatasi zangu, hata zile nisizozitia tarehe. Imenikamata mbuzi.

Mahali nilipoandika "kila wakati" imepiga mstari, eti wakati ni wengi kama watu. Sauda alijikasirikia yeye, si mimi. Ameiandikia orodha ya maneno ya kusamehewa, na kila siku orodha inarefuka. Halafu kuna mtego mwingine: neno likifuatana na lenyewe, mashine inadhani mchapaji kasinzia, inataka la pili lifutwe. Imekamata "kweli kweli". Imekamata na "pole pole".

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mashine yako imekulia nyumba isiyo na msiba. Nani husema pole mara moja?"

Akasema bila kunitazama, "Mimi niliambiwa mara moja, Bibi. Mama mkwe alisema pole. Halafu akasema mtoto mchanga haliliwi, ni ndege wa peponi. Nikimlilia nitamlowesha mabawa."

Maneno hayo nami nimewaambia wanawake wengi. Ndivyo tusemavyo huku, na mtu akinyamaza tunaona dawa imefanya kazi.

Hakukuwa na tanga. Walizika asubuhi, mchana watu wakaenda kazini.

29 Januari

Umeme hakuna. Mashine imekufa mchana kutwa. Yeye kakaa anaitazama.

3 Februari

Barabara ya Dar imekatika. Malori yamezama kwenye tope, mabasi hayavuki. Jafari alikuwa aje, sasa haji. Alipiga simu dukani kwa jirani yangu Ziada, Sauda akaitwa. Nilikuwa nyuma yake nikimsikia. "Ndiyo. Mzima. Nakula. Nalala." Mwongo mkubwa we.

10 Februari

Leo tulikuwa tunatwanga kisamvu barazani, yeye anatwanga, mimi nachambua. Mvua imelegea kidogo. Akasema tu, kama mtu anayeomba chumvi:

"Bibi, nilikuwa nimelala. Nilimnyonyesha, nikalala. Nilipoamka alikuwa wa baridi."

Na mchi haukusimama. Nikaushika. Akaniambia, "Niachie, hakijalainika."

Basi nimejua sababu ya macho yale. Anadhani usingizi wake ndio ulioua. Nimemwambia ni amri ya Mungu. Nimemwambia daktari mwenyewe alisema haikuwa kosa la mtu. Anaitikia "ndiyo, Bibi", na anaendelea kutwanga. Maneno yangu yanamteleza kama maji kwenye jani la myugwa.

Mimi nimeishiwa. Nitamwita mtani.

14 Februari

Nimempa dereva wa lori la mkaa salamu azifikishe Mingoyo kwa mtani wetu Erasmo. Nimeongeza: jogoo wako yupo.

17 Februari

Nitaandika yote, kwa sababu leo nyumba yangu imeharibika.

Mashine, wewe hujui mtani, nikueleze. Sisi na Wangoni tulipigana zamani, tukaishia kutaniana. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Kwenye msiba, watu wote wakivaa nyuso za huzuni, yeye anaingia anatukana, anamtukana marehemu na wafiwa, anaiba sufuria ya wali. Babu yake Sauda alipokufa, Erasmo alijilaza kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka hadi aahidiwe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Mimi siku ile ndipo nilipovuta pumzi.

Erasmo ni Mngoni wa Songea, Mkristo, mzee sasa. Alioa Mingoyo akakwama huko. Leo kaja na mvua, gunia kichwani, suruali kakunja magotini.

"Hodi, wafiwa wabahili! Mmefiwa tangu mfungo mnaita mtani leo? Mlitaka kuokoa jogoo?"

"Pita, mla vya watu," nikamjibu. "Jogoo mwenyewe kakuona kakonda kwa hofu."

Hakupita. Alijilaza palepale mlangoni, akaanza kulia sauti ya mtoto mchanga, nyaa, nyaa, miguu juu. Ziada alikuja mbio kutoka dukani, na wanawake wengine wawili watatu nyuma yake.

"Nani kamfukuza mchumba wangu? Nilikuwa nimeshachonga kitanda!"

"Mchumba gani akutake wewe, meno yameisha kinywani?"

"Angenitafunia! Lakini nisikilizeni, mimi najua kwa nini kaondoka. Kaniaga mwenyewe. Alikuja vizuri, kaitazama dunia, kaona inafaa. Maziwa matamu, mama mzuri. Halafu akasikia wanamwita Mwanaheri. Akauliza, 'Mwanaheri yupi? Yule kikongwe wa Mtanda mwenye mdomo kama tarumbeta? Jina lile nilibebe mimi hadi uzeeni? Hapana jamani, narudi nilikotoka.' Akafunga virago! Mwenye makosa ni kikongwe huyu hapa. Mkamateni!"

Ziada alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Mimi nami nilicheka, na chini ya kicheko macho yakajaa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaja somo yangu kama mtu: alikuja, alitazama, alionja, alisema neno.

Tukasikia, "Toka."

Sauda alikuwa amesimama mlango wa chumba chake. Uso wake sijapata kuuona hivyo.

"Mzee, toka nyumbani kwa bibi yangu. Mwanangu si kichekesho."

Erasmo aliinuka, kwa taabu, maana magoti yake yamechoka. Akaokota gunia lake. Akasema, "Samahani, mjukuu wangu." Akatoka. Jogoo niliyemfunga miguu tangu alfajiri, mzee hakumtazama.

Mimi sijawahi kusikia mtani akiomba radhi. Hilo ndilo lililonikata maini.

Wale wanawake walipoondoka nilimgeukia. "Umemfukuza mtani! Hata jumbe hamfukuzi mtani!"

"Bibi, kule hawakulia, huku mnacheka. Nani atalia?"

"Wewe! Wewe ndiye wa kulia, na hutaki!"

Akafunga mlango. Nimekaa barazani na jogoo.

18 Februari

Mvua. Hatusemezani.

19 Februari

Hatusemezani. Chakula kinarudi kama kilivyokwenda.

22 Februari

Ziada kasema mji mzima unaongea. Nikamwambia mji mzima ukalime.

Nimekuwa nikifikiri. Hasira yangu yote ilikuwa kwa Sauda, lakini nani alimwambia kwamba mtani anakuja, na mtani ni nini? Hakuna. Nilidhani damu inajua. Damu haijui kitu, kama hiyo mashine, lazima ielezwe. Mtoto wa watu kalelewa Dar, anasikia mzee asiyemjua anaiga kilio cha mwanawe mlangoni. Mimi ningemrushia kinu.

27 Februari

Amekonda. Shanga za kiunoni zimemteleza, kazikuta chini. Nimeogopa.

6 Machi

Idi Kubwa. Nilipika pilau, nikampelekea sahani mlangoni. Akasema, "Idi njema, Bibi." Nikasema, "Na kwako, mwizi." Kala nusu sahani. Nimeswali rakaa mbili za shukrani kwa ajili ya nusu sahani.

10 Machi

Tajiri kapiga simu. Anataka mtego mpya, wa matusi. Magazeti yake yanapelekwa mahakamani kila kukicha kwa kutukana watu, sasa mashine iyakamate matusi kabla hayajachapwa. Sauda kasema utakuwa mtego rahisi kuliko yote. Alisema huku ananitazama. Nilijua anamfikiria Erasmo.

15 Machi

Leo nina la kuandika.

Asubuhi aliniita chumbani. Nilikuwa sijaingia humo tangu siku ile. Akanivutia kigoda mbele ya mashine.

"Bibi, nilianza na karatasi yako ya tarehe kumi na saba Februari. Nilitaka nione mashine ikimkamata yule mzee. Haikumkamata. Ilipita kimya, mstari hata mmoja hakuna. Hakutamka neno lililokuwemo kwenye orodha yangu."

"Mtani wangu ana adabu."

"Nikaukaza mtego. Nikaongeza kikongwe, mwizi, mjinga, mwongo, mchawi, mla vya watu, na 'uliniibia'. Nikaiambia, lifuatwe na neno lolote au lisifuatwe na kitu, lipigwe tu. Kisha nikaipa daftari lako lote. Tazama."

Nikatazama. Kioo kilikuwa chekundu kama ukuta wa watafuna tambuu. Akawa anateremsha karatasi moja moja, ananyooshea kidole. Mjinga wewe, kula. Uliniibia mume. Mwongo mkubwa we. Na kwako, mwizi. Na mengine mengi niliyokuwa nimeyasahau, siku nilizomsuka nywele, siku nilizomfuata na uji.

"Umeona, Bibi?"

"Nimeona nimetukana sana."

"Nimehesabu. Mahali pote uliponipenda pana mstari. Palipo safi ni mvua na dagaa."

Jogoo wa Erasmo, ambaye sasa anaishi chini ya meza yangu kama mpangaji, akapita katikati yetu.

Kisha akauliza polepole, "Yule mzee alikuwa anasema nini, Bibi? Sitaki maneno yenyewe. Alikuwa anafanya nini?"

Safari hii nikamweleza, bila hasira. "Alikuwa anakutua mzigo. Wewe unasema usingizi wako ndio uliomuua mtoto. Sisi tumesema hapana, daktari kasema hapana, hukusikia. Yeye hakubishana na wewe. Kaja kasema mbele za watu: sababu ni jina la kikongwe. Kauchukua kwako kanitwika mimi. Maziwa yalikuwa matamu, mama mzuri, hukusikia alivyosema?"

"Na wewe ukakubali?"

"Nilicheka. Kucheka ndiko kukubali. Mimi ni somo yake, nani mwingine aubebe? Mgongo ninao."

Sauda akaikunja mashine, mchana mweupe, umeme upo.

19 Machi

Amemjibu tajiri kwamba mtego wa matusi hautegeki. Mashine inaona neno, haimwoni nani anamwambia nani. Mitego mingine yote ataimaliza, huo hapana. Tajiri kafoka kwenye simu hadi wanunuzi wa sukari dukani wakamsikia. Sauda akasema, "Sawa, mzee. Ila utawapiga mistari bibi zetu wote," akarudisha mkono wa simu mahali pake. Ziada kasema sasa kazi itamponyoka. Labda. Mimi nimeona jambo moja: kasema sentensi ndefu.

23 Machi

Kaniuliza, "Bibi, mtani aliyefukuzwa hurudishwaje? Naenda kumwomba radhi?"

"Thubutu! Ukimwomba radhi umemzika. Mtani haombwi, anaibiwa."

24 Machi

Tumekwenda Mingoyo na lori la mkaa, mimi mbele na dereva, Sauda nyuma juu ya magunia na jogoo kwapani. Hakutaka mbele. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilikuwa na hofu kuliko siku niliyoolewa, maana akishindwa huku sina pengine pa kumpeleka.

Erasmo alikuwa ukumbini kwake anasuka ungo. Alituona. Hakutukana. Alisema "Karibuni" ya kistaarabu, kama tumekuja kukusanya mchango wa mwenge. Nikajua alivyoumia.

Sauda alisimama uani. Sauti ilitoka ndogo. "Hodi… wezi wa ng'ombe."

Mzee akaacha ungo. "Nani huyo?"

"Ni mimi. Nilikufukuza kwetu, nimekuja kukufukuza na kwako. Mlikuja kutuvamia na mikuki mkaishia kutuomba maji ya kunywa. Hiyo nyumba umejenga kwa miti yetu. Toka!"

Yakaanza kuinuka, yale mashavu ya Erasmo. "Mwanaheri," akaniambia, "huyu mtoto anaumwa, au amepona?"

"Muulize mwenyewe."

Sauda hakungoja kuulizwa. Alimtupia jogoo miguuni, akageuka akaanza kumfukuza tetea wa Erasmo, yule mweupe, uani kote. Tope lilikuwa hadi vifundoni. Kuku kazunguka jiko, yeye nyuma, kanga imemfunguka, Erasmo anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa Kimwera! Leteni panga!" Akamrukia kuku. Akaanguka naye kwenye tope, uso na kifua, lakini mkono umeshika mguu wa tetea.

Akakaa pale chini, kuku kamkumbatia, akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Kikaendelea, kikapanda, halafu kikageuka. Nilikisikia kinageuka.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu mwanangu mwanangu."

Nilitaka kwenda, Erasmo akanizuia kwa mkono. Akaingia yeye kwenye tope na magoti yake mabovu, akakaa mbele yake, suruali yake safi ya Jumapili na yote. Akaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko yake, kama watani walivyofundishwa na baba zao. "Mchumba wangu! Kikongwe kaniulia mchumba kwa jina baya!"

"Nililala, babu," Sauda akamwambia. "Nilikuwa nimelala."

"Nani kakwambia ulilala? Wamwera wanalala? Wanashinda macho wakichungulia korosho za wenzao! Ni jina, nakwambia. Ni jina."

"Ni jina," akasema Sauda, huku analia.

"Ni la nani jina?"

"La… la kikongwe huyu."

"Mkamate!"

Alinyoosha mkono wenye tope akanikamata upindo wa kanga. Nami nikashuka nikakaa hapohapo, watu wazima watatu na kuku mmoja, mvua juu yetu. Na mimi nikamlilia somo yangu, ambaye sikupata kumwona.

Erasmo amebaki na jogoo wake. Tetea tumeondoka naye. Akatusindikiza na mawe hadi barabarani.

25 Machi

Saa ya adhuhuri Sauda alikuja barazani nilipokuwa nachambua mchele, akajinyoosha kwenye mkeka, kichwa pajani pangu, kama alivyokuwa akifanya utotoni akija likizo. Akasema, "Bibi, nikilala utaniangalia?"

"Nitakuangalia."

"Hutaondoka?"

"Niende wapi, mchawi wangu? Mguu wenyewe umeulalia."

Ziada kaja, tajiri yuko kwenye simu, Sauda anaitwa haraka. Nimemwonyesha Ziada ungo, jinsi nitakavyomrushia. Karudi dukani kwa ncha za vidole. Mvua imerudi, bati linapiga ngoma. Tetea wa Erasmo katagia ndani ya kapu la nguo na anautangazia mtaa mzima. Sauda hajashtuka. Mdomo wake uko wazi, mate yananilowesha kanga. Mguu wangu umekufa ganzi hadi kiunoni na ninaandikia juu ya ungo.

Amelala amelala. Mashine, hapo usiguse.